Muulize Dada Nesi: Dawa ya kusafisha ini, mahindi yenye ukungu na krimu isiyotaka pete

Mwezi huu barua karibu zote zinauliza kitu kimoja, sumu. Sumu mwilini, sumu kwenye chakula, namna ya kuitoa. Nimechagua saba, na zingine majibu yake yamo humuhumu.

*Dada Nesi shikamoo. Nimeuziwa unga wa kijani elfu 45, aliyeniuzia anasema unasafisha ini, figo na damu kwa siku 7. Leo siku ya 4, naharisha mara 6 mpaka 8 kwa siku, nimepungua kilo 3 lakini nikisimama kizunguzungu na moyo unaenda mbio. Nikimuuliza anasema nisiache hiyo ndo sumu inatoka. Niendelee? – Mama wa watoto wawili, Tabata*

Marahaba mdogo wangu. Usiendelee, acha leo leo. Kanunue ORS duka la dawa, changanya pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, unywe kidogokidogo kutwa nzima, na kama jioni moyo bado unakimbia au miguu inakosa nguvu nenda kituo cha afya usisubiri kesho, na huo unga ubebe na pakiti yake wauone.

Kinachotoka sio sumu. Ni maji na chumvi za mwili wako, hasa potasiamu, ambayo ndo inasaidia moyo upige kwa mpangilio na misuli iwe na nguvu, kwaio hicho kizunguzungu na hayo mapigo ni mwili unalia umeishiwa. Na zile kilo 3 sio mafuta, ni maji na choo, ukianza kula na kunywa vizuri zinarudi ndani ya siku chache. Unga na machai mengi ya namna hii ndani yake kuna sanamaki, jani ambalo bibi zetu walilijua siku nyingi kama dawa ya kufungua choo, na kwa kufungua choo ni dawa kweli, kwa siku moja mbili. Shida inaanza mtu anapobadilisha jina anaita ditoksi alafu anakunywesha wiki nzima. Mama yangu mdogo alikunywa chai ya hivo karibu mwezi ili apungue kabla ya harusi ya bintiye, akaishia kitandani na dripu ya potasiamu, harusi akaiona kwenye video. Mpaka leo nikikumbuka naumia kwasababu mimi ni nesi na nilikuwa sijui kama anakunywa.

Kitu kingine hawakwambii, kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango na unaharisha kiasi hicho, vidonge vinaweza kupita bila kufanya kazi. Kwaio tumia kondomu mpaka ukamilishe siku 7 za vidonge bila kuharisha.

Sasa ini. Ini la mtu mzima lina uzito kama kilo moja na nusu na halina siku ya mapumziko. Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo inapitia kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kokote, na huko ini linazichukua zile kemikali zinazopenda mafuta, ambazo peke yake zingeganda mwilini, linazibadilisha ziweze kuyeyuka kwenye maji, alafu zingine zinatoka kwenye nyongo kwenda chooni na zingine zinapelekwa figo zitoke na mkojo. Figo nazo zinachuja kama lita 180 kwa siku, zinarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu za mkojo. Hiyo kazi inafanyika saivi wewe unasoma hapa. Ini sio chujio la chai kwamba linajaza uchafu alafu unalikung'uta.

Linachohitaji ni vitu vya kawaida mno ndo maana hakuna wa kukuuzia: maji ya kutosha, maharage na mboga za majani na matunda ili choo kitoke na ile nyongo isirudi kunyonywa, usingizi, pombe kidogo au usinywe kabisa, na uzito usizidi kwasababu mafuta yanakaa hata kwenye ini. Na dawa za maumivu. Panado ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24, na watu wanajisahau wanameza Panado na dawa ya mafua ambayo nayo ina paracetamol ndani. Diclofenac ndo usiseme, watu wanameza kama karanga kila mgongo ukiuma, figo zinachoka kimyakimya.

Ukiona macho yamekuwa ya njano, mkojo rangi ya chai ya rangi, miguu imevimba, au mkojo una povu lisiloisha, hapo ni hospitali kupima ini na kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja vipi, na omba wakupime homa ya ini B. Elfu 45 ingefaa huko.

Wewe unachoweza kufanya kila siku ni kuziba mlango sumu inapoingilia. Barua zilizobaki zote ni za milango.

*Habari Dada Nesi. Mahindi yetu yalinyeshewa shambani, gunia 2 zimeota ukungu wa kijani. Mume wangu anasema tuyaoshe tuyaanike upya tusage, mama mkwe anasema tupikie pombe, mi naona tuwape kuku. Na uji wa mtoto nilikuwa nachanganya karanga, nako kuna ukungu? – Kondoa*

Mama, asante sana kwa kuuliza kabla hamjala, hasa wewe uliyeko Kondoa. Mwaka 2016 hukohuko kwenu na Chemba na upande wa Manyara, Kiteto, watu walianza kuumwa tumbo, kutapika, macho ya njano, familia moja watoto wawili watatu kwa mpigo, na wapo waliodhani wamerogwa. Walikuwa 68, wakafariki 20. Ilikuwa sumukuvu kwenye mahindi ya nyumbani. Kenya nayo mwaka 2004, Makueni na Kitui na jirani zake, waliugua watu 317 wakafa 125, mahindi hayohayo yaliyohifadhiwa mabichi.

Sumukuvu inatengenezwa na ukungu, lakini sio ukungu wenyewe, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Ukiosha na kuanika unaondoa ule ukijani wa juu, sumu imeshaingia ndani ya punje. Moto wa ugali hauiui. Kupika pombe hakuitoi, inabaki kwenye pombe na kwenye machicha. Kuku ukiwapa wanadumaa au wanakufa, na ng'ombe akila inatoka kwenye maziwa watoto wanakunywa. Kwaio mume, mama mkwe na wewe, wote hapana. Najua gunia 2 ni chakula cha miezi, nimelelewa kwenye nyumba ya kulima najua uchungu wake, lakini yaliyoota ukungu yafukieni.

Yale mengine mliyonayo yanayoonekana mazima, yachambueni kwa mkono punje kwa punje, toa zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, sumu nyingi inakaa humo. Alafu mkoboe kabla ya kusaga maana sehemu kubwa inaondoka na pumba, tena pumba hizo za mahindi mnayoyatilia shaka msiwape mifugo. Dona ni tamu na ina virutubisho lakini kwa mahindi ya mwaka huu wa mvua mi ningekoboa.

Msimu ujao anikeni juu ya turubai sio chini kwenye udongo, na kabla ya kuweka ndani jaribuni kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikibaki kavu chini, hifadhi. Mkipata ile mifuko isiyopitisha hewa, ukungu na wadudu wote wanakosa pumzi, na gunia mnalotumia liwekwe juu ya mbao mbali na ukuta.

Karanga ni hivohivo, pengine zaidi. Kwa uji wa mtoto usinunue karanga za kusagwa sokoni, mara nyingi zile zilizovunjika na mbovu ndo zinasagwa maana hakuna anayeziona. Nunua nzima, chambua, kaanga mwenyewe, saga kidogokidogo. Ikiwa chungu mdomoni tema. Na sio lazima karanga kila siku, changanya na dagaa au maharage au yai. Mtoto anayekula sumukuvu kidogokidogo anaweza asiumwe leo ila wataalamu wanaihusisha na kudumaa, na ukubwani inaleta saratani ya ini, hasa mtu akiwa na homa ya ini B vyote viwili vinasukumana. Watoto wanachanjwa hiyo siku hizi kwenye zile chanjo za kliniki, sisi watu wazima wengi hatukuipata, kapimeni mchanjwe.

*Sista mambo. Nyanya za sokoni zina vumbi jeupe, je nizioshe na sabuni ya unga au jiki? Na mchicha wa bondeni? – Kinondoni*

Poa. Hilo jeupe mara nyingi ni dawa ya ukungu, mkulima amepuliza na pengine amevuna kabla ya siku za kusubiri kuisha. Sabuni ya unga hapana, jiki hapana, unaongeza sumu juu ya sumu. Osha kwa maji yanayotiririka huku unasugua na mkono moja moja, bomba likiwa halitoki mwaga kwa jagi, kisha menya ukitaka kuwa salama zaidi. Dawa zingine zinaingia ndani ya tunda, hizo hazioshwi, ndo maana ni vizuri kubadilisha unakonunua na aina ya mboga.

Mchicha wa bondeni ni kesi ngumu. Mboga za bonde la Msimbazi zimepimwa mara kadhaa zikakutwa na risasi, hiyo metali nzito, kwasababu ya maji machafu na barabara, na risasi iliyopanda kwenye jani kupitia mizizi haitoki hata uoshe mara kumi. Muulize muuzaji anamwagilia maji gani. Hata ndoo tatu kibarazani, matembele yanaota bila matatizo.

*Assalam aleikum dadangu. Natumia krimu ya kung'arisha uso, imeandikwa usiiguse na pete ya dhahabu wala fedha. Nimekuwa mweupe kweli lakini asubuhi macho yanavimba na miguu pia. Yaweza kuwa ni krimu? Ninanyonyesha. – Mombasa*

Waaleikum salaam dadangu. Yaweza, na hilo onyo la pete ndo limenishtua kuliko uvimbe. Zebaki inashikana na dhahabu na fedha, wachimbaji wa Geita wanaijua hiyo kazi vizuri, wanaitumia kukamatia dhahabu kwenye mchanga. Krimu ikikwambia vua pete kabla hujapaka, mtengenezaji anajua alichoweka.

Zebaki inauzuia mwili kutengeneza melanini, rangi yetu, ndo maana unang'aa. Lakini inapenya ngozi inaingia kwenye damu, na inapenda kukaa kwenye figo, inaharibu vichujio vyake mpaka protini inavuja kwenye mkojo, mkojo unakuwa na povu, macho yanavimba asubuhi, miguu jioni. Hivohivo unavyonieleza. Sio jambo jipya kwenu, mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wao wazima wa figo za namna hii, na zaidi ya nusu walikuwa wanapaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado naandikiwa barua kama yako, inaniuma kweli.

Angalia kwenye kopo kama kuna mercury, Hg, calomel, mercurous chloride, mercuric iodide au ammoniated mercury, yote ni zebaki imebadilisha kanzu. Wakati mwingine hawaandiki kabisa. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliwahi kuruhusu chini ya miligramu 1 kwa kilo kwenye vipodozi, mwaka 2023 nchi zikakubaliana hata hiyo iondolewe, lakini mkataba haukai dukani kumzuia muuzaji.

Fanya hivi. Acha krimu. Kama ina steroidi kali nayo na umepaka muda mrefu ngozi itawaka na kuvimba ukiacha ghafla, kwaio mwone daktari wa ngozi wiki hiihii asimamie. Hospitalini waombe wapime mkojo wako protini, kreatinini kwenye damu, na kama wanaweza zebaki kwenye mkojo, na wambie wazi unanyonyesha na unapaka nini, wala usione haya, hakuna nesi mwenye akili atakayekucheka. Usiache kunyonyesha kabla hawajakwambia. Mtoto anapata zebaki kwa kubebwa tu, kwa taulo na mto, kwaio fua mashuka na taulo zake mbali na nguo zako, na asiguse kopo. Lifunge kwenye mifuko miwili ulipeleke hospitalini ulikabidhi, usilitupe chooni wala kulichoma moto maana mvuke wa zebaki ni mbaya zaidi.

Mwili unaitoa wenyewe kwa mkojo, taratibu, kwa miezi. Wengi figo zinarudi wakiacha mapema. Na rangi yako itarudi, dadangu, ikaribishe.

*Kaka au dada, mi fundi rangi na pia nachomelea mageti, bosi anatupa maziwa nusu lita kila siku yaondoe sumu. Yanatosha? – Mbagala*

Hayatoshi kaka. Maziwa yanaenda tumboni, moshi wa kuchomelea na vumbi la rangi vinaenda mapafuni, havikutani. Kunywa ni chakula kizuri, na kweli mtu mwenye kalsiamu na madini chuma ya kutosha tumbo lake linanyonya risasi kidogo zaidi, lakini mwambie bosi hiyo hela aongeze barakoa, na sio za kitambaa.

Kwako mlango mkubwa ni kukwangua rangi ya zamani. Rangi nyingi za mafuta za zamani zina risasi, kikomo cha siku hizi ni sehemu 90 kwa milioni lakini milango ya zamani haijui hiyo. Usisugue msasa mkavu, lowesha kwanza. Chomelea nje au penye upepo, na bati lenye zinki kwangua ile zinki kabla. Usile wala kuvuta sigara na mikono ile. Badilisha nguo kazini, usimkumbatie mtoto na ovaroli, ifuliwe peke yake.

Risasi ikiingia inakaa kwenye mifupa miaka, na mtoto hana kiwango salama hata kidogo, inagusa ubongo. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, wakazi waliugua, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, mama mmoja aliyekuwa anafanya kazi humo, Phyllis Omido, akapigana mpaka kikafungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kwaio betri za zamani usizivunjie nyumbani hata kama risasi yake ina bei.

*Dada, huku baridi kali, tunaingiza jiko la mkaa ndani usiku. Na mama ntilie wangu anafunika wali kwa mfuko wa nailoni. Kipi kibaya? – Njombe*

Jiko, tena sana. Mkaa usio na moshi unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, unalala huamki. Niliwahi kupokea baba na watoto wawili asubuhi, sitaki kusimulia zaidi. Lichome nje, lisiingie chumba cha kulala hata likiwa majivu mekundu kidogo, vaeni soksi mjifunike pamoja. Na moshi wa kila siku jikoni nao unaua polepole, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020 kwa moshi wa majumbani. Ukipata gesi hata ya kupikia maharage tu ni nafuu kubwa.

Nailoni, mwambie aache. Mvuke wa moto unayeyusha kemikali zilizolainisha plastiki zinadondokea kwenye wali. Sufuria na mfuniko wake, au jani la mgomba kama mama zetu. Hata uji wa moto usitie kwenye mfuko wala kwenye kopo la plastiki la majarini.

*Shikamoo. Nina mimba ya miezi 5, nakula pemba, ule udongo wa kula, kila siku vipande vitano, siwezi kuacha. Una madhara? – Temeke*

Marahaba mwanangu. Sikugombezi, ile hamu sio ujinga, mara nyingi mwili umepungukiwa madini chuma. Tatizo ni kwamba huo udongo unaweza kuwa na risasi na aseniki, vinapita kondo la nyuma vinamfikia mtoto, na pia unashikana na madini chuma tumboni yasiingie mwilini, kwaio unavyokula ndo unavyozidi kupungukiwa na hamu inazidi.

Kliniki ijayo usingoje wakuulize, wambie mwenyewe, waangalie wingi wa damu na wakupe dawa ya minyoo kama hujapata. Anza kupunguza, kipande kimoja kimoja, na wakati wa hamu tafuna karoti ya baridi au vipande vya barafu. Kula dagaa, maharage, nyama ukipata. Na vile vidonge vya FEFO wanavyokupa, vya madini chuma na foliki asidi, najua vinachefua na choo kinakuwa cheusi, hiyo ni kawaida usiogope, ila usimezee chai maana chai inavizuia, meza usiku baada ya kula na maji au na chungwa, chai isubiri kama masaa mawili.